Alipomwita kwa Jina Lake

Mara ya kwanza kumwona mume wangu akilia, hakuwa amefiwa wala duka halikuwa limeungua. Alikuwa ameitwa kwa jina lake. Khalif, jina alilopewa na babake huko Wajir, jina ambalo hata mimi mkewe humwita kila siku. Rafiki yake alilitamka kwa adabu zote, akashukuru kwa chakula, akaondoka. Khalif akaingia dukani kwangu, akaketi juu ya gunia la sukari, akavua kofia na kujifunika nayo uso.

Nilimwambia ashuke kwenye sukari ya watu. Mimi ndivyo nilivyo, nikiogopa nagomba. Wakati huo sikuwa nimeelewa kilichompata, na nilipoelewa nilisema wanaume hawa wawili ni wazimu, tena nilisema kwa sauti jirani wasikie. Siku hizi sisemi hivyo.

Tulihamia Kitengela mwaka 1991. Mji wenyewe ulikuwa maduka machache kando ya barabara ya Namanga, na wazee wengi bado waliuita Noonkopir. Pundamilia walikuwa wakija kula majani nyuma ya choo chetu. Mimi nilifungua duka la shuka, majani ya chai na betri za redio. Khalif alikuwa akinunua mifugo Mashuuru na kuileta kwenye kichinjio cha Kitengela. Alikuwa na jicho la biashara. Alimwangalia fahali akitembea na akakuambia atatoa kilo ngapi, na mnyama akikaa kwake zaidi ya siku chache aliona ni hasara inayotafuna nyasi.

Mwaka uliofuata akashikwa na malaria huko huko Mashuuru, sokoni, akaanguka katikati ya mbuzi. Aliyemwinua ni Metito, mfugaji ambaye asubuhi hiyo hiyo walikuwa wamegombana juu ya ndama. Hakuwa ndugu wala mteja wake wa kudumu. Alimbeba mpaka bomani kwake, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe. Mama yake Metito, ambaye sote twamwita Koko, alimchemshia supu ya magome machungu kama shubiri. Mke wake Priscilla alimfulia nguo. Mimi huku nilikuwa nimeshaanza kuulizia kama kuna maiti ya Msomali imeonekana popote, maana simu hazikuwapo.

Khalif alipopata nguvu za kurudi, Metito alimwingiza zizini, akamshika kondoo jike mchanga, mweupe mwenye kichwa cha kahawia. Sikio lake la kushoto lilikuwa na mkato mara mbili ukingoni. Ndiyo alama ya ukoo wa Metito, kila mnyama wa boma lile anayo, na ukimwona mnyama popote Kajiado unajua ametoka kwa nani. Akampa Khalif kamba mkononi.

"Kutoka leo sitakuita jina yako," alimwambia. "Wewe ni Paker. Na mimi ni Paker."

Kwa Wamaasai kondoo ni enker. Mtu akikupa mnyama kwa moyo wake, mnaacha majina yenu na kuitana kwa mnyama huyo, nyote wawili jina moja. Aliyepewa kondoo na aliyempa ni Paker kwa Paker hadi kaburini. Khalif alinieleza hayo akiwa amesimama uani na kamba mkononi, amekonda, anacheka kama mtoto. Alisema jina la kuzaliwa kila mtu hulitumia, hata askari wa kizuizi cha barabarani, hata mtu anayekuchukia. Hili lilikuwa na wenyewe wawili tu duniani.

Nikamwuliza kondoo atalala wapi.

Alilala uani, akala maganda ya viazi vyangu na mara moja akala khanga. Metito alikuwa akija Kitengela karibu kila mwezi, na kabla hajaonja chai alizunguka nyuma ya nyumba kumwangalia kondoo, akamfungua mdomo, akampapasa kiwele, ndipo akarudi kutusalimu vizuri. Kondoo huyo alizaa mara moja, dume, na mbwa wa mjini wakamuua mtoto. Metito alisikitika kuliko sisi, akasema si kitu, huyu bado kijana, atatuletea jike. Na sisi tulikwenda kwao Mashuuru, tukalala, tukanywa maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi. Siku moja huko nilimwuliza Priscilla, mbele ya Koko, yule kaka mkubwa wa Metito aliyefariki aliitwa nani. Priscilla akaniminya goti. Tulipotoka nje akanieleza kwamba wa zamani kama Koko hawamtaji marehemu kwa jina lake. Jina linafungwa, na anayelitaja mbele ya mama mtu ni kama anamchimba kidonda. Tangu siku hiyo nikajua kwamba kwa Koko kulikuwa na mwana aliyekufa mara mbili, na nikajifunza kufunga mdomo, jambo ambalo si jepesi kwangu.

Mambo yakaharibika mwaka 1996, na yaliharibikia kwenye furaha.

Mimba zangu zote kabla ya hapo zilikuwa zimetoka. Watu walishaanza kumshauri Khalif atafute mke wa pili, tena wakinishauri mimi nimshauri. Mungu akatupa Ilhan. Khalif alichanganyikiwa kwa furaha. Ikaja siku ya akika, ya kumchinjia mtoto na kumpa jina, na akasema hatachinja mnyama wa sokoni. Wanyama wote waliopita mikononi mwake walikuwa mali ya biashara; alikuwa na mmoja tu aliyempenda. Kwetu kitu unachokipenda ndicho unachokitoa. Ukimpa Mungu makombo umempa nini?

Nilimwambia amwulize Metito kwanza. Nilisema, na Ilhan leo ni mtu mzima na bado namkumbusha baba yake kwamba nilisema. Alinijibu kuwa zawadi ikishatolewa ni ya aliyepewa, na kwamba Paker ataona mwenyewe heshima aliyofanyiwa, damu ya kondoo wake kuingia kwenye jina la mtoto. Macho yake yalikuwa yamejaa maji alipokuwa akisema hivyo. Alimchinja kwa mkono wake, hakumpa mtu mwingine.

Metito alifika mchana na shuka mpya, na kibuyu cha maziwa cha mzazi, na shanga ambazo Koko alimtungia mtoto. Alimbeba Ilhan, akamtemea mate kidogo kwenye paji la uso kumbariki, nami nikavumilia. Akala vizuri. Akasifu nyama. Kisha akanawa mikono, na kama kawaida yake akazunguka nyuma ya nyumba.

Alikawia. Khalif akamfuata, nami nikachungulia dirishani nikiwa na mtoto kifuani. Metito alikuwa amesimama kwenye kigingi, ameshika kamba isiyo na kitu.

"Iko wapi?" akauliza.

Khalif akacheka kwa fahari kabisa, akamwekea mkono begani. "Si ndiyo umekula, Paker. Ndiyo nimemchinjia Ilhan."

Metito aliitazama ile kamba, akaikunja vizuri kama mtu anayetunza kitu cha mwenzake, akaitundika kwenye msumari. Akaenda kwenye birika akanawa mikono. Alikuwa ameshanawa, akanawa tena.

"Asante kwa chakula, Khalif," alisema.

Hapo ndipo mume wangu alipoingia dukani na kuketi juu ya sukari.

Mtu akikutukana unaweza kumtukana. Akikuita jina lako mwenyewe, kwa upole, utamjibu nini? Khalif alikwenda Mashuuru wiki iliyofuata. Akapokewa, akapewa kiti, akapewa chai yenye maziwa mengi. Karibu, Khalif. Habari ya mtoto, Khalif. Wakauziana ng'ombe kama zamani, bila hila. Sandra, binti ya Metito, alipoolewa, tulialikwa na tukakaa mbele pamoja na jamaa. Hakuna mlango uliofungwa mbele yetu. Lakini wanaume wengine pale walikuwa wakitazamana kila Metito alipotamka jina lile, na Priscilla aliniambia kwamba hata wazee walimsema mwana wa Koko, kwamba jina kama hilo halirudishwi, hata mnyama akifa, hata akiibwa. Metito alijibu kuwa anajua. Akasema mdomo wake unakataa tu.

Khalif alimeza jambo hilo kwa miaka. Akaacha kucheka anapotoka Mashuuru. Akawa mtu wa kuhesabu mifugo, kuswali na kulala. Nami nilikuwa na hasira na wote wawili, mmoja kwa kuchinja bila kuuliza na mwingine kwa kuumia kimya kimya kama mwanamke aliyeolewa kwa lazima.

Ukaja ukame wa mwaka 2000. Wafugaji waliingiza ng'ombe hadi Nairobi, wakawalisha kando ya barabara za lami. Metito akafika Kitengela na kilichobaki cha mifugo yake, na Khalif akamfungulia uwanja wote wa nyuma, akamtafutia maji ya boza, lile lori la tangi. Alikaa kwetu mpaka mvua iliponyesha. Asubuhi moja Khalif alikuja na kondoo jike mzuri, mnene kuliko wote waliobaki Kajiado, akamletea Metito kamba. Mimi nilikuwa naosha masufuria, nikaacha.

Metito akamwangalia mnyama, akatikisa kichwa taratibu. Akamshukuru, akasema atamchukua kama msaada, maana hali ni mbaya, lakini hawezi kumchukua kwa lile jambo.

Hapo nikashindwa. Nikamwendea na povu mikononi. "Shemeji," nikamwambia, "mwaka wa nne huu unamwita mume wangu jina lake mpaka limechakaa. Alikosea, ndiyo. Lakini alimchinjia mtoto, hakulichinjia tumbo lake. Unataka afanye nini?"

Hakukasirika. Alikaa juu ya jiwe, akajibu akimtazama Khalif, si mimi.

"Mimi sikukupa nyama. Nilikupa ile ambayo mama yake najua, na nyanya yake najua, baba yangu alizikuta kwa baba yake. Nilitaka zikae kwako, zizae, siku moja mtoto wako aone kondoo kwa mtoto wangu aseme hii ni ya kwetu. Wewe ukamaliza." Akamnyooshea kidole yule mnene. "Hii ni ya soko. Mama yake ni nani? Mimi sijui. Na wewe hujui."

Khalif akasema ni kweli, hajui.

Jino la pembe si dawa ya pengo. Nilidhani hayo ndiyo yamekwisha, kwamba mume wangu ataelewa kuwa kilichovunjika kimevunjika. Lakini mvua iliponyesha akaenda Mashuuru akanunua kondoo jike mwenye mimba, akamleta nyumbani, akaniambia huyu si wa kuuza. Nikauliza ni wa nini. Akasema ni wa kuwa nyanya.

Basi tukawa wafugaji. Kitengela yenyewe ilikuwa inageuka mbele ya macho yetu: mashamba yakakatwa vipande, kila mahali waya na mawe ya kujengea, vumbi la malori, nyumba za ghorofa zikiota. Pundamilia hawakuonekana tena. Na katikati ya hayo mume wangu alikuwa na zizi. Jirani yetu Musila, aliyejenga vyumba vya kupangisha ukutani kwetu, alikuja kulalamika kwamba wapangaji wake hawawezi kulala kwa harufu. Khalif alimsikiliza, akamkaribisha chai, akaongeza ukuta, akaendelea.

Yule wa Mashuuru akazaa jike. Khalif mwenyewe alimpokea, mikono ya shati imekunjwa, akinisemesha kwa Kisomali kama vile mimi ndiye niliyekuwa nikijifungua. Yule jike akakua. Tukasubiri naye azae. Mara ya kwanza akazaa dume, mara ya pili mtoto akafia tumboni, na Khalif alikaa zizini siku nzima hakula. Mimi niliyemjua akitazama mifugo na kuona kilo nilimwona sasa sokoni akimwuliza muuzaji mnyama huyu mama yake yuko wapi, na wafanyabiashara wenzake wakamcheka. Baadhi ya wanyama alishindwa kuwanunua kabisa. Biashara ikapungua. Sikumlaumu, ingawa nilinung'unika kidogo, kwa ajili ya desturi.

Mwaka 2005 akazaliwa jike, mweupe, kichwa cha kahawia. Mimi si mtu wa kuona ishara, lakini niliketi chini nilipomwona. Khalif hakumtia alama yoyote sikioni. Alisema sikio hilo lina mwenyewe.

Akamngoja akomae. Hakutaka kupeleka mwana-kondoo, alitaka kupeleka jike aliye tayari kubeba mimba, ili asikose tena. Na alipokuwa tayari, mwisho wa mwaka 2006, ikaingia homa ya Bonde la Ufa. Mifugo ilikufa, watu wakafa kaskazini kwetu na hata Kajiado. Masoko yakafungwa, vichinjio vikafungwa, ikatangazwa mnyama asisafirishwe. Khalif alikuwa na kondoo aliyemngojea miaka sita, na barabara ya kwenda Mashuuru hairuhusu kondoo. Nilimshauri aende peke yake amweleze Metito kwamba yupo, amezaliwa, anakuja. Akasema maneno matupu alishayasema mengi.

Wakati amri inaondolewa, Metito alikuwa amelazwa hospitalini Kajiado. Kiharusi kilimkuta akinywa maji kisimani, upande wa kulia ukafa ghafla, mguu, mkono na mdomo. Alipotolewa hospitali akapelekwa nyumbani, na ulimi wake haukurudi.

Tulikwenda wote watatu, Khalif, mimi na kondoo. Tulimkuta amekalishwa kivulini kando ya nyumba ya mabati, shuka mabegani, Priscilla akimlisha uji. Alikuwa amepungua. Nusu ya uso wake ilitutazama na nusu nyingine ilining'inia tu. Khalif akamsalimu kwa Kimaasai, sopa, akapiga magoti mbele yake akamsogeza kondoo karibu. Akaanza kumsimulia. Mama yake huyu alizaliwa kwangu, mvua ya baada ya ule ukame, alikuwa na tabia ya kuruka ukuta. Nyanya yake alitoka hapa hapa Mashuuru, kwa mzee Simel, nilimwuliza mzee mwenyewe, akanionyesha na mama wa huyo nyanya. Alisimulia kizazi baada ya kizazi, akimwangalia machoni, na mwisho akasema, "Nimeleta, Paker."

Metito alinyoosha mkono wa kushoto. Akamfunua kondoo mdomo, akatazama meno. Akampapasa kiwele, akashika sikio la kushoto lisilo na mkato akaliacha. Kisha akamtazama Khalif, mdomo ukaanza kuhangaika, shingo ikakaza mishipa, ikatoka sauti isiyo neno. Akajaribu tena. Machozi yakamtoka kwenye jicho moja. Priscilla akasema amechoka, akamwinua kwa msaada wa ndugu zake wakamwingiza ndani.

Tulimwacha kondoo zizini kwao, tukashika njia ya kurudi. Tulipofika Isinya Khalif akasema Metito hajakubali.

Nikamwambia mtu asiyeweza kusema hata maji, unataka aseme Paker? Akanijibu kuna kushindwa na kuna kukataa, na kwa mtu asiyesema huwezi kujua ni lipi. Niliumia kwa ajili yake kuliko siku ile ya sukari, kwa sababu siku ile bado kulikuwa na mbele.

Metito alifariki kabla ya mvua za vuli.

Mazishi yalikuwa ya kanisa. Mchungaji alitoka Kajiado mjini, kijana mwenye suti, na hakuwa na kosa, alisoma wasifu wa marehemu kama wanavyofanya kila mahali. Kila alipotamka jina la marehemu, Koko, aliyekuwa ameketi kwenye ngozi karibu na kaburi, alivuta shuka akajifunika kichwa. Alikuwa mzee sana, mdogo kama msichana. Huyu alikuwa mwanawe wa pili kufungwa jina lake. Walipomaliza na mchungaji akaondoka, jamaa wakakaa kivulini kumkumbuka, na hapo nikaona ugumu wao. Kila aliyeanza kusimulia alifika mahali pa kumwita akakwama. Yule. Mwenye boma. Baba Sandra. Ndugu yetu huyo. Walikuwa wanamzunguka kama watu wanaotafuta mlango gizani, na mama yake amekaa katikati anasikia mwanawe akikosa jina.

Koko akasema jambo kwa Kimaasai, na watu wote wakageuka kumtazama Khalif.

Priscilla akatafsiri. Mama anasema Paker aseme.

Khalif akasimama, akaitoa kofia. Alijibu kwa sauti ya chini kwamba yeye hana haki hiyo. Alipewa jina akalipoteza kwa mkono wake, na mwenyewe ameondoka bila kumrudishia. Yeye hapa ni mfanyabiashara tu aliyekuja kuzika.

Priscilla hakumjibu. Aliinuka akaenda zizini, akarudi akimvuta kondoo kwa kamba, mweupe mwenye kichwa cha kahawia, tumbo limeanza kujaa. Akamsogeza mpaka mbele ya Khalif, akamgeuza kichwa.

Sikio la kushoto lilikuwa na mkato mara mbili. Ilikuwa mikato mibaya, ya kwenda upande, mmoja mrefu kuliko mwenzake, na kidonda kilikuwa kimepona vibaya.

"Alifanya mwenyewe," Priscilla akasema. "Kesho yake, nyinyi mkishaenda. Alinionyesha kisu, nikafikiri anataka nyama. Tukamwita shemeji yangu amfanyie, akakataa, akamsukuma. Mimi ndiye nilishika kondoo. Alikata na hii mkono ya kushoto, ikachukua asubuhi yote. Akimaliza akalala." Akamkabidhi Khalif kamba. "Nilitaka kukuambia kwa simu. Nikaona ni ya kuonwa, si ya kuambiwa."

Khalif alilishika sikio lile kati ya vidole viwili, akapitisha kidole kwenye mkato wa kwanza, kisha wa pili, akarudia. Mimi nilikuwa nalia na sikujali nani anaona. Mimi nimemtaja Metito humu tangu mwanzo kwa sababu sina jina lingine la kumwita, na mimi si wa kwao. Nikiwa Mashuuru silitaji. Siku ile, katika boma lote lililojaa ndugu na wana wa ukoo, kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye alibaki na jina la kumwita bila kumchimba mtu kidonda, na alikuwa Msomali muuza ng'ombe kutoka Kitengela.

Koko alikuwa amefunua kichwa chake. Alikuwa anangoja.

"Paker," Khalif akasema. Akaligeukia kaburi, akaita kwa nguvu kama unavyomwita mtu aliye upande wa pili wa zizi. "Paker."

Yule kizee akafumba macho, akasikiliza hadi sauti ilipoisha kabisa.

"Tena," akasema, na hilo alilisema kwa Kiswahili.